Jibu la Kwanza

Dzaleka, tarehe 9 mwezi wa tatu 2025

Kwa bibi yangu mdogo Fortunée, kule Lilongwe,

Nakusalimia na mikono miwili, halafu naulizia afya: kichwa, tumbo, magoti, na zaidi macho, maana leo macho njo habari. Mi niko. Mgongo unauma upande wa kushoto, wa kuume unangojea zamu yake. Njaa hapa haijatuua, imetuzoea tu.

Sasa nisikie vizuri. Rémy alirudi na mzigo wake wa vitenge toka soko ya Tsoka, akakaa bila kukaribishwa ku kiti changu cha kushonea viatu, akasema: "Mzee, nimemkuta mujukuu wako ku atelier ya kushona ya Mama Antoinette. Hana tena lineti, ile miwani yake." Nikamuuliza, zimevunjika? Akasema hapana, macho ni matupu na anaona kama mwewe, amenitambua toka ng'ambo ya barabara. Nikamwambia huyo si Fortunée. Fortunée wangu bila lineti anaambia mbuzi "jambo mama", na anangojea mbuzi imuitikie.

Umeombewa? Kama kuko pasta anaponyesha macho huko mjini, unipe jina lake. Mi nina viungo vingi vya kumpelekea. Kimoja siwezi kukitaja hapa, maana Rémy anasoma barua zangu njiani. Rémy, jambo.

Nilikutoa Kadutu ukiwa na miaka sita, mama yako, mtoto wangu, amebaki chini ya udongo wa Bukavu. Ulipofika kumi, madaktari ba macho walikuja hapa kambini, nikasimama mustari siku mbili mupaka ukapewa zile lineti. Ulipozivaa ukafanana na mukubwa wa douane pale mpakani, nikakuita Komiseri, na batoto bote ba mtaa wakakuita Komiseri. Lineti ile nina haki nayo. Unieleze iko wapi.

Simu yangu unajua ilikufa na maji ya mvua. Usipige, andika. Rémy anapita kila juma.

Mimi tate yako, baba ya mama yako, na bwana yako wa kwanza


Lilongwe, tarehe 15 mwezi wa tatu 2025

Kwa Tate wangu mpenzi,

Jambo sana Tate, na jambo kwa mgongo wako, pande zote mbili. Mimi niko mzima, kazi iko, Mama Antoinette anakusalimia. Bado nalala kwake, chumba kimoja na Nyandwi, yule msichana wa Burundi anayeshona vifungo. Umekula nini wiki hii? Uniambie kweli, si vichekesho.

Sijaombewa. Ninavaa lenzi. Ni kitu chembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, laini, hakina rangi. Unakipandisha juu ya ncha ya kidole unakibandika juu ya jicho lenyewe. Usipige kelele, hakiumi. Siku ya kwanza nililia saa nzima, sasa ni kama kuvaa viatu.

Dada yake Mama Antoinette anamtumia hizi lenzi toka Johannesburg. Mama anaziuza hapa atelier pamoja na nywele za bandia, zaidi za rangi, kijani na asali, kwa mabibi arusi. Mbili za kuonea hazikupata mtu, nikajaribu, namba ikakaribiana na yangu. Hakuna aliyenipima. Boksi imeandikwa mwezi mmoja, lakini mimi nazitunza, huu ni mwezi wa tatu. Ile dawa yake ya kuoshea iliisha, naongeza maji ya kuchemsha ndani ya kile kisahani cha kuziwekea, na yakikosekana, ya bomba. Kuzitoa na kuzirudisha kunachosha, kwa hiyo nalala nazo siku mbili tatu. Hata kuoga naoga nazo. Nyandwi alizivaa mara moja apige picha, akanirudishia, tukacheka sana.

Mama Antoinette ananipeleka kuvalisha mabibi arusi majumbani, hataki mtu wa lineti kwenye picha. Hiyo ni sababu moja. Ya pili usinikasirikie. Miaka tisa Komiseri, Tate. Najua ni utani, babu anatania mujukuu wake, hivyo ndivyo kwetu. Lakini nilikuwa navua lineti nikikaribia nyumba ili msiniite vile. Ndiyo maana nilisalimia mbuzi.

Nakutumia sabuni mbili na kitambaa cha suruali.

Mujukuu wako Fortunée


Dzaleka, tarehe 23 mwezi wa tatu 2025

Kwa bibi yangu mwenye macho ya kitunguu,

Jambo. Habari ya kazi, habari ya usingizi, habari ya Nyandwi ambaye amevaa macho yako? Hapa tuko wazima kwa kiasi cha unga. Uliuliza nimekula nini: nsima na majani, halafu majani na nsima, Jumapili tukabadilisha sahani.

Barua yako niliisomea Byamungu, jirani yangu mwalimu, akashika macho yake na mikono miwili kama mtu amesikia bunduki. Akauliza: na ile kitu ikizunguka ikaenda nyuma, kwenye ubongo? Nikamwambia ku familia yetu nyuma kuko nafasi kubwa, itakaa tu.

Lile neno la Komiseri nimelisoma mara tatu. Bon. Mbuzi anakuomba radhi. Mimi pia, lakini mbuzi kwanza.

Unitumie na mi pair moja ya kijani. Nikae ku mustari wa chakula nikiangalia wajane kwa kijani. Wenye ofisi watasema huyu mzee si mukimbizi tena, ni balozi.

Tate yako mwenye wivu


Lilongwe, tarehe 19 mwezi wa ine 2025

Kwa Tate wangu,

Jambo Tate. Natumaini uko mzima na baridi haijaanza huko juu. Nisamehe kukaa kimya wiki nne. Mimi si mzima sana.

Jicho la kuume liliamka jekundu, nikasema ni usingizi. Siku ya tatu mwanga ukaanza kuniuma, hata mwanga wa mlango, kama mtu anakamua limau ndani. Nilitoa lenzi. Maumivu yakabaki.

Nilienda kliniki ndogo karibu na soko, na Mama Antoinette akanisindikiza. Mganga akauliza: "Limekuwaje?" Mama Antoinette alikuwa amekaa hapo pembeni na pochi yake juu ya magoti, ananiangalia. Njiani alikuwa ameniambia: "Mwanangu, mimi sina karatasi ya kuuza vile vitu. Ukinitaja wanafunga atelier, na wewe utalala wapi?" Nikamwambia mganga, nilipanda baiskeli ya kabaza, vumbi likaingia. Akaandika vumbi. Akanipa dawa ya matone.

Dawa haikusaidia. Sasa amenituma hospitali kubwa na karatasi yake, na juu ya karatasi ni vumbi. Niende niseme lenzi? Au niache? Moyo unaniambia niseme, lakini naogopa wataniona mwongo toka mlangoni, halafu hawatanitibu vizuri. Wewe umejibu maswali ya ofisi nyingi kuliko mimi. Nakungoja. Siendi mpaka nipate barua yako.

Mujukuu wako Fortunée


Dzaleka, tarehe 22 mwezi wa ine 2025

Kwa bibi yangu,

Pole. Pole ya jicho na pole ya kukaa na Mama Antoinette, huyo mwanamuke hata akikusindikiza chooni anaangalia biashara yake. Mi niko, usiniulizie leo, leo ni wewe.

Sasa weka barua karibu na lile jicho zima usome polepole, maana hapa hauzungumzi na fundi wa viatu, unazungumza na fundi wa majibu.

Siku ya kuandikishwa hapa Dzaleka, mwanamuke wa ofisi aliniuliza: mulitoka Bukavu saa ngapi? Mi sikuwa na saa. Hata jua sikuliangalia, nilikuangalia wewe ku mgongo wangu. Nikasema saa moja asubuhi. Tangu siku ile wameniita mara saba, muzungu, mweusi, mwanamuke mwenye mimba, kijana wa juzi na kompyuta yake, na kila mara mi ni saa moja asubuhi. Wakipiga meza, saa moja. Wakinipa chai, saa moja.

Byamungu, mwalimu mzima, alisema asubuhi. Mara ya pili akataka kuwa mtu wa ukweli, akasema: samahani, nimekumbuka, ilikuwa mchana. Dosie yake, yale makaratasi yake ya ofisi, imelala miaka kumi na miwili, imeota ndevu. Iliuawa na nini? Na ukweli! Watu ba kuandika hawatafuti ukweli, bibi yangu, wanatafuta karatasi mbili zifanane.

Jibu la kwanza njo jibu. Ulisema vumbi, basi ni vumbi la kabaza, na kabaza ilikuwa na rangi, chagua rangi leo usiibadilishe. Wakikuuliza mara kumi, vumbi. Wakikuuliza kwa upole, njo hapo ushike zaidi. Daktari atatibu jicho, hatatibu maneno. Jekundu ni jekundu.

Ukipona unakuja tunakula kuku ya mutu mwingine.

Tate yako, profesa


Lilongwe, tarehe 17 mwezi wa tano 2025

Kwa Tate,

Jambo. Naandika herufi kubwa, nisamehe, na mistari inapanda kama mulevi. Simu nimezima, mwanga wake unanichoma. Afya yako je? Mgongo?

Nilifanya kama ulivyosema. Daktari wa kwanza aliuliza: ulianzaje? Vumbi. Akauliza: unavaa lenzi? Nikasema hapana. Kabaza ilikuwa ya bluu, ingawa hakuuliza. Wiki iliyofuata daktari mwingine, mwanamke, Mmalawi mpole sana, aliniita "mwanangu", akaniuliza tena: hujawahi kuvaa lenzi, hata za urembo, hata za rafiki? Nikakumbuka neno lako la upole. Hapana. Akasoma karatasi ya mwenzake, zikafanana. Tate, niliona fahari. Nilitoka pale kama mtu amefaulu mtihani.

Wakasema basi itakuwa kirusi, wakanipa dawa ya kirusi. Nimeitia wiki mbili. Haifanyi kitu. Mama Antoinette akaninunulia katyubu ka dawa ya macho kwenye meza ya dawa sokoni, akasema yeye ndiyo inamsaidia akiwa na macho mekundu. Siku mbili jicho likapoa, nikaimba. Siku ya tatu likarudi kuuma mara mbili ya mwanzo. Sasa katikati ya jicho kuna duara la kijivu, kama alama ya kikombe juu ya meza.

Nikienda kazini nilikuwa navaa lenzi ya upande mmoja, ya kushoto, na nikienda hospitali naitoa ili wasiione. Wiki hii sikuenda kazini. Nakaa chini ya meza ya kukatia nguo, na kitenge kichwani, Nyandwi ananiletea chai huko huko. Maumivu hayana kupumzika. Nisipokujibu haraka ujue ni hayo.

Dawa ya vumbi ni ipi, Tate? Labda ningewauliza dawa ya vumbi.

Fortunée


Dzaleka, tarehe 25 mwezi wa tano 2025

Fortunée,

Sema. Kabla ya jambo, kabla ya afya, SEMA. Mwambie daktari ni lenzi, mwambie leo, barua ikiwa bado mkononi. Mengine utasoma ukirudi.

Rémy aliniletea barua yako ile ya herufi kubwa, nikaikunja nikaenda kliniki ya hapa kambini kwa Madeleine, yule muuguzi wa Uvira. Nilienda na ujanja wangu, unanijua. Nikasema: mama, kuko mutu mmoja, sitaji jina, hakai hapa, jicho lake liko hivi na hivi. Nilikuwa nimetayarisha na kichekesho cha mwisho. Madeleine hakuinua kichwa. Akauliza: huyo mutu anavaa lenzi?

Nikasema ndiyo. Akauliza: alilala nazo? Ndiyo. Alizipitisha muda wake? Ndiyo. Alioga nazo? Ndiyo. Aliongeza maji juu ya dawa ya zamani? Ndiyo. Aliziazimisha? Ndiyo mama. Nilikuwa naitikia kama ku litania. Akasema kuko mdudu mdogo, jicho la mutu haliwezi kumuona, anakaa ndani ya maji, hata haya tunayokunywa. Tumboni hana neno. Chini ya lenzi anakuta nyumba na chakula, na chakula njo kile kioo cha jicho. Akasema jekundu si jekundu (hapo mi Tate yako nilikudanganya): kila jekundu lina dawa yake, na huyu mdudu anafanana sana na kirusi, daktari asipoambiwa lenzi anamtibu mwingine. Ile katyubu ya sokoni, akasema, inanyamazisha askari wakati mwizi yuko ndani.

Nikamuuliza: na huyo mutu akisema leo? Akauliza: lilianza lini? Nikahesabu majuma ku vidole, mkono mmoja ukaisha. Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Tulipiga simu yako kwa simu ya Madeleine mara nyingi, imezimwa. Namba ya Mama Antoinette sina. Nimeenda kuomba kibali cha kutoka kambini, wameniambia nirudi wiki ijayo. Rémy anaondoka kesho alfajiri, nimemshikisha barua hii nikamwambia asifike kwanza sokoni. Achana na Mama Antoinette na pochi yake. Lala barabarani, lakini sema.

Tate


Lilongwe, tarehe 11 mwezi wa sita 2025

Kwa Tate Melchior,

Jambo. Ni mimi Nyandwi naandika, maneno ni ya Fortunée. Yuko kitandani hospitali na macho yote mawili yamefunikwa, kwa sababu lile zima nalo linalia likiona mwanga. Anasema niandike kama anavyosema nisitengeneze.

Tate, barua yako imenifikia juzi. Rémy alisimamishwa kwenye kizuizi hana kibali, wakamrudisha kambini, na barua ikabaki ndani ya mzigo wa vitenge uliobaki kwa dereva, Rémy akidhani umenifikia. Siku kumi na nne. Aliyeileta ni dereva mwenyewe, aliikuta alipofungua mzigo.

Nimesema. Yule daktari mwanamke aliweka kalamu chini. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akachukua karatasi mpya akaniuliza yote tangu mwanzo, kulala, maji, mwezi, kuazimisha, nikajibu yote. Mwishoni akauliza: kwa nini ulisema hapana mara ya pili? Nikamwambia, kwa sababu nilisema hapana mara ya kwanza. Akaniangalia, nadhani, sikumuona, halafu nikasikia kalamu inaandika.

Walikwangua jicho, wakapata walichokuwa wanatafuta. Dawa yake hapa haipatikani, wameiagiza nje. Akasema ingeanza katika wiki ya kwanza au ya pili ningeweza kuona. Sasa kioo cha jicho kimekuwa chembamba, anaogopa kitatoboka kabla dawa haijafika. Nyandwi anasema ni jeupe kama yai la kuchemsha. Mimi kwa upande huo najua tu kama mlango umefunguliwa au umefungwa.

Mama Antoinette alikuja mara moja. Alileta machungwa, akauliza kama nimetaja jina lake. Nikasema ndiyo. Akaondoka na machungwa.

Sikulaumu. Hapana, Nyandwi futa. Hajafuta. Basi aache. Nakulaumu kidogo, Tate, na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu moyo uliniambia.

Na neno moja. Barua zako usitie vichekesho. Nyandwi akizisoma wagonjwa wa vitanda vingine wanacheka, kwa sababu zinachekesha kweli. Na mimi nalala hapo nasikia watu wanacheka.

Mujukuu wako, kwa mkono wa Nyandwi


Dzaleka, tarehe 15 mwezi wa sita 2025

Kwa Fortunée,

Jambo. Mi ni mzima. Sina haki ya kuwa mzima lakini ndivyo nilivyo.

Najaribu kuandika bila vichekesho. Naona barua inakuwa fupi.

Nilienda kwa Byamungu. Nilitaka mutu wa kuniambia kwamba sikukosa, kwamba mutu yeyote mwenye dosie angekushauri vile vile. Nikamwambia: wewe unajua, wewe ulibadilisha neno wakakuadhibu. Akasema: "Mzee Melchior, mi hawakuniadhibu. Makaratasi yangu yalipotea wakati wanahamisha ofisi. Waliniambia nianze upya. Hakuna mutu hata mmoja aliyewahi kusoma nilitoka asubuhi au mchana." Nikamuuliza, na kwa nini miaka yote hii, nikihadithia ile habari mbele ya watu, haukunikatalia? Akasema: "Ulikuwa unaihadithia vizuri sana."

Kwa hiyo hakukuwa na sheria, Fortunée. Niliitunga mwenyewe, nikaipenda kwa sababu ilinifanya mwerevu. Nikakupa.

Kila siku niko ku ofisi ya kibali. Nimewaambia mujukuu wangu anapoteza jicho. Wanasema walete karatasi ya hospitali. Madeleine anaitafuta. Nikifika nitamwambia daktari aandike kwamba ni mi nilikuamuru kusema uongo, kosa lisikae juu ya jina lako. Wewe ungesema. Barua yako ya mwezi wa ine iko hapa, umeandika "moyo unaniambia niseme". Nitaileta aione.

Utakula machungwa. Nimemwomba Rémy, sasa ana kibali, akununulie mengine.

Tate


Lilongwe, hospitali, tarehe 26 mwezi wa sita 2025

Kwa Fortunée,

Naandika hapa ku benchi la korido. Nyandwi atakusomea ukiamka.

Kibali walinipa jana, cha siku moja. Nimefika saa ine asubuhi na gari ya Dowa, ile ya kupita kambini kwetu. Nyandwi alinipokea mlangoni, akaniambia jicho lilitoboka juzi, na dawa ya nje haijafika, na kwamba wanakutayarisha. Sikuelewa wanakutayarisha kwa nini. Akanieleza.

Nilimtafuta daktari, alikuwa amekwisha kuingia ndani. Nikamkuta muuguzi wa meza. Nikatoa barua yako, nikamwambia kwa Kichewa changu kibovu: huyu mutoto alitaka kusema, mimi njo nilimkataza, uandike. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akafungua karatasi zako akanisomea yote moja moja: anavaa lenzi, analala nazo, maji, muda, kuazimisha, dawa ya sokoni. Karibu ya kila moja ni alama. Akapekua mbele na nyuma. Akasema, agogo, babu yangu, hakuna mahali pa kuandika hilo.

Nikamwambia aandike pembeni. Akasema pembeni hapana.

Halafu akasema: lakini jina lako tunalihitaji. Akatoa karatasi nyingine. Akasema mgonjwa hawezi kuona pa kutia sahihi, na ndugu yake ni wewe, tulikuwa tunakungoja. Ni karatasi ya kukubali jicho litolewe.

Nilimuuliza Nyandwi: mwenyewe anasemaje? Akaenda ndani, maana wanaruhusu anayemtunza mgonjwa tu, akarudi. Akasema umesema hivi: "Tate aweke sahihi. Linauma."

Nimeweka. Jina langu lote, na uhusiano, na kijiji nilikozaliwa, maana kuko mahali pake. Kalamu iliandika vizuri. Nilitaka iharibike na haikuharibika.

Halafu wakakupitisha. Nilisimama kando ya ukuta. Kitanda kilipita karibu kabisa, kitambaa juu ya macho, mikono yako juu ya shuka, kidole kimoja bado kina alama za sindano. Nilikuwa na neno mdomoni, na neno lilikuwa la utani, sina mengine, nimejaribu kutafuta mengine tangu ile barua yako ya mwezi wa sita. Nikafunga mdomo. Nadhani haukujua kama kuko mutu hapo.

Sasa ni saa tisa. Kibali kinasema niwe nimeingia kambini kabla ya jua kuzama, na nisiporudi hawatanipa kingine, na nitakihitaji cha kukurudia. Wanasema utaamka saa kumi. Nimewaomba waniache mupaka saa kumi, wamesema si wao wanaokataza.

Nyandwi ameshika mfuko wangu, gari inaita watu ba Dowa. Ndani ya mfuko mwingine niliokuachia kuko sweta na machungwa sita. Ukinyoosha mkono upande wa kushoto wa kitanda utayakuta.

Nilikuwa hapa.

Tate